Redio ya Bethel na Kosa la Wanaosema Zama Zake Zimekwisha

Katika mjadala wa matumizi ya serikali nchini Marekani imejengeka rai moja ambayo sasa inarudiwa na wanasiasa, wahariri na walipakodi wa kawaida kana kwamba haihitaji tena ushahidi, nayo ni kwamba redio ya umma, yaani redio isiyo ya biashara inayoendeshwa kwa fedha za serikali pamoja na michango ya wasikilizaji, ni mabaki ya zama zilizopita. Rai hiyo ndiyo iliyoshinda tarehe 24 Julai 2025, rais wa nchi hiyo alipotia saini sheria ya kufuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa kwa miaka miwili ya Shirika la Utangazaji wa Umma, lililojulikana kwa kifupi kama CPB, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kugawa fedha za shirikisho kwa vituo vya redio na televisheni vya umma. Seneti iliipitisha sheria hiyo kwa kura 51 dhidi ya 48, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 216 dhidi ya 213. Tofauti ya kura ilikuwa ndogo, lakini athari yake haikuwa ndogo, na mahali pa kuipima si New York wala Washington, bali ni Bethel, mji wa Alaska magharibi wenye watu wapatao 6,300 ulioko kando ya mto Kuskokwim, karibu kilomita 640 kutoka Anchorage, ambao hakuna barabara inayouunganisha na sehemu nyingine ya nchi.

Kituo cha redio cha mji huo kinaitwa KYUK. Kilianza kurusha matangazo mwaka 1971, na ni miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa nchini Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na watu wa asili wa eneo husika, ambao hapa ni Wayup'ik. Matangazo yake huenda kwa Kiingereza na kwa Kiyup'ik, ambacho wenyewe hukiita Yugtun, na huwafikia watu wapatao 25,000 waliotawanyika katika vijiji zaidi ya hamsini vya delta ya mito Yukon na Kuskokwim, eneo ambalo ni zaidi ya mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kabla ya Julai 2025, takriban asilimia 70 ya mapato ya kituo hicho yalitoka CPB.

Haki inadai kwamba rai inayopingwa ielezwe kwa nguvu zake zote. Wanaoishikilia husema kwamba sheria ya 1967 ilitungwa wakati vyombo vya habari vilikuwa vichache, ilhali leo simu na setilaiti zinafika kila pembe. Kwamba taifa lenye deni kubwa halina budi kuanza kupunguza mahali fulani. Kwamba vyombo vya habari vikilipwa na serikali hupoteza uhuru, na vikiegemea upande mmoja wa siasa huwa vinamlazimisha raia wa upande wa pili kugharamia maoni anayoyachukia. Kwamba kituo chenye thamani kwa jamii yake kitachangiwa na jamii hiyo au kitapata matangazo ya biashara. Na kwamba kulinda lugha ni kazi ya wazazi na walimu. Kila mojawapo ya hoja hizi ina mtu makini anayeiamini. Hata hivyo, zikipelekwa Bethel moja baada ya nyingine, hakuna inayosalia.

1. Dai kwamba teknolojia imeipita redio

Dai hili linatazama kifaa na kusahau mahali kinapotumika. KYUK hurusha matangazo yake ya msingi kwenye masafa ya kati, kilohezi 640, na mawimbi ya masafa hayo yana tabia ya kutambaa juu ya uso wa ardhi, tena yakienda mbali zaidi panapokuwa na unyevunyevu, jambo ambalo linaifaa sana tundra ya delta, yaani uwanda wa baridi usio na miti ambao wakati wa kiangazi hujaa maziwa na vinamasi. Mnara mmoja ulioko Bethel unaweza kwa hiyo kufikia kijiji cha pwani ya Bahari ya Bering, kambi ya uvuvi iliyoko juu ya mto, na mtu aliye safarini kwenye barafu, bila kuhitaji minara mingine katikati. Msikilizaji anachohitaji ni redio ndogo na betri. Simu ya mkononi inahitaji mnara ulio karibu, mnara huo unahitaji umeme, na umeme wa vijiji hivi huzalishwa kwa jenereta za dizeli za kijiji chenyewe, ambazo mafuriko yakizifikia huzimika pamoja na kila kinachozitegemea.

Wanaoamini kwamba intaneti imefika na mambo yamekwisha wanapaswa kuangalia yaliyotokea kaskazini zaidi mnamo Juni 2023, pale barafu ilipokwangua sakafu ya bahari na kuukata mkongo wa mawasiliano wa kampuni ya Quintillion, ambao miji ya pwani kama Nome, Kotzebue na Utqiaġvik ilikuwa inautegemea. Matengenezo yalichukua takriban miezi mitatu, kwa sababu meli ya kutengeneza haiwezi kuingia mpaka barafu ipungue, na Januari 2025 mkongo huohuo ukakatika tena. Setilaiti zimepunguza tatizo, lakini dishi la setilaiti nalo linahitaji umeme, linahitaji malipo ya kila mwezi, na linahitaji paa lisilong'olewa na upepo.

Mwaka 2025 wenyewe ulitoa ushahidi mara mbili. Tarehe 16 Julai, Seneti ikiwa katikati ya mjadala wa kufuta fedha hizo, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.3 lilipiga karibu na Sand Point, kusini magharibi mwa Alaska, na tahadhari ya tsunami ikatolewa. Kituo kidogo cha umma cha mji huo, KSDP, ambacho nacho kiliitegemea CPB kwa sehemu kubwa ya bajeti yake, kilikuwa hewani kuwaelekeza watu. Seneta Lisa Murkowski wa Alaska, aliyepiga kura ya kupinga, aliutaja mfano huo mbele ya wenzake siku hiyohiyo. Kisha tarehe 12 Oktoba mabaki ya kimbunga Halong yaliingia delta ya Kuskokwim kutoka baharini. Katika vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok nyumba ziling'olewa kwenye misingi yake na kuelea, mtu mmoja alithibitishwa kufa na wengine wawili wakapotea, na zaidi ya watu 1,500 waliachwa bila makazi, wengi wao wakasafirishwa kwa ndege kupitia Bethel hadi Anchorage katika mojawapo ya operesheni kubwa za uokoaji wa anga katika historia ya jimbo hilo. KYUK ndiyo iliyokuwa chumba cha habari cha eneo la maafa. Wafanyakazi wengi wa CPB walikuwa wamemaliza ajira yao tarehe 30 Septemba, siku kumi na mbili kabla ya maji kupanda.

2. Dai la soko, na dai la wapenzi wachangie

Madai haya mawili yanastahili kujibiwa pamoja, kwa kuwa yanatoka katika dhana moja, kwamba thamani ya huduma hujulikana kwa fedha ambazo mtu yuko tayari kuitolea.

Jambo la kwanza ambalo dhana hiyo inalificha ni la kisheria. Vituo vya umma vya Marekani vimekatazwa na sheria ya mawasiliano ya nchi hiyo kurusha matangazo ya biashara. Vinaruhusiwa kuwataja wafadhili wao kwa jina, lakini haviruhusiwi kusifu bidhaa wala kuwahimiza wasikilizaji wanunue. Serikali iliyoweka katazo hilo ndiyo iliyotoa ruzuku iliyolifanya livumilike, na sasa imeiondoa ruzuku na kuliacha katazo mahali pake. Anayekiambia kituo kiende sokoni huku akiwa amekifungia mlango wa soko anajipinga mwenyewe, na kupingana huko hakukujibiwa na wabunge walioipigia kura sheria ya Julai.

Na hata katazo hilo lingeondolewa, hakuna soko la kuingilia. Kijiji cha kawaida cha delta kina watu mia chache na duka moja au mawili, na duka lisilo na mshindani halina haja ya kununua tangazo. Maeneo mawili ya sensa yanayoigawana sehemu kubwa ya delta, Bethel na Kusilvak, yamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa maeneo yenye umaskini mkubwa zaidi wa fedha nchini Marekani, na bidhaa zote za dukani, kuanzia maziwa hadi mafuta ya kupashia nyumba joto, hufika kwa ndege au kwa mashua za mizigo katika miezi michache ambayo mto haujaganda. Umaskini wa fedha usichukuliwe kuwa ni uvivu au ufukara wa kila kitu. Familia za hapa huishi kwa kiasi kikubwa kwa samaki, nyama ya paa wakubwa wa kaskazini, sili, ndege na matunda ya porini, na uchumi huo una kanuni zake za kugawana ambazo ni kali kuliko za soko: mvuvi hupeleka samaki kwa wajane na wazee kabla hajahesabu wa kwake. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa anaitegemea redio kila siku ya maisha yake na bado asiwe na dola hamsini za kuituma. Kipimo cha mchango wa fedha kinampima vibaya, kisha kinamhukumu kwa kipimo hichohicho.

Hapa ndipo gharama iliyofichika inapojitokeza wazi zaidi. Vituo vya miji mikubwa vilipata kutoka CPB sehemu ndogo tu ya bajeti zao, na vina wasikilizaji matajiri wa kuliziba pengo, ilhali KYUK ilipata takriban asilimia 70. Ruzuku ileile ikifutwa kwa wote kwa siku moja, kituo cha mjini hupunguza vipindi kadhaa, na kituo cha kijijini hupunguza watu. Sheria inayoonekana kuwatendea wote sawa imewaumiza wale ambao redio ya umma ilianzishwa hasa kwa ajili yao, na imewagusa kidogo wale ambao walipakodi waliambiwa kwamba ndio wanaobanwa.

3. Dai la upendeleo wa kisiasa

Sehemu kubwa ya hasira iliyozaa sheria hiyo haikuelekezwa kwa Bethel hata kidogo. Ilielekezwa kwa NPR, mtandao wa kitaifa wenye makao Washington ambao huzalisha vipindi na kuviuzia vituo vya umma, na ambao amri ya rais ya tarehe 1 Mei 2025 iliushutumu kwa kuegemea upande mmoja. Mtu anaweza kukubali shutuma hiyo au kuikataa; hapa haina uzito, kwa sababu NPR ilipata moja kwa moja kutoka CPB takriban asilimia moja ya bajeti yake. Aliyekusudiwa kuadhibiwa alikuwa na kinga, na adhabu ikamwangukia asiyehusika. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na katika ukumbi wa Bunge Wayup'ik hawakuwepo.

Inafaa kuuliza KYUK hutangaza nini. Katika majira ya baridi hutoa taarifa za barafu, zikiwemo zile za kikosi cha uokoaji cha Bethel, kwa sababu mto ulioganda ndio barabara ya magari na ya pikipiki za theluji, na mahali palipopasuka huua. Hutangaza mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji ya Kuskokwim 300. Majira ya joto hutangaza ni lini na kwa nyavu gani watu wanaruhusiwa kuvua samaki wa salmoni.

Hili la mwisho linahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndilo linaloonyesha vizuri kazi ya chumba cha habari katika jamii kama hii. Salmoni wakubwa wanaoitwa chinook, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa akiba ya chakula cha majira ya baridi, wamepungua vibaya katika Kuskokwim tangu miaka ya 2010, na uvuvi sasa hufunguliwa kwa vipindi vifupi vinavyohesabiwa kwa saa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 inawapa wakazi wa vijijini kipaumbele cha uvuvi wa chakula katika ardhi na maji ya shirikisho, na sehemu ndefu ya mto huo hupita ndani ya hifadhi ya shirikisho. Jimbo la Alaska limekuwa likiyapinga mamlaka ya shirikisho juu ya uvuvi huo. Mwaka 2021 serikali hizo mbili zilitoa amri zinazopingana juu ya maji yaleyale, moja ikiruhusu wakazi wa vijijini peke yao na nyingine ikiruhusu kila mkazi wa Alaska, na mwaka uliofuata serikali ya shirikisho ikalishtaki jimbo, kesi ambayo mahakama ya rufani iliiamua Agosti 2025 kwa kuiunga mkono serikali ya shirikisho. Mvuvi aliyeshika wavu siku ya ufunguzi hakuweza kuisubiri mahakama ya rufani. Alihitaji mtu aliyezisoma amri zote mbili, akawahoji waliozitoa, akamweleza kwa lugha anayoielewa vizuri ni ipi inayoweza kumletea faini. Kuiita kazi hiyo propaganda ni kukosa kuijua.

Kuhusu uhuru wa chombo kinacholipwa na serikali, wasiwasi huo ni wa kweli, na waliotunga sheria ya 1967 waliujua. Ndiyo maana waliweka shirika la kati lisilokuwa idara ya serikali na fedha zilizoidhinishwa miaka miwili kabla ya kutumika, ili mwanasiasa mwenye hasira asiweze kumwadhibu mtangazaji kwa habari ya jana. Kufuta fedha zilizokwisha kuidhinishwa, kwa sababu iliyotajwa wazi kuwa ni maudhui, ni kukibomoa kizuizi kilichowekwa dhidi ya hatari ileile ambayo wakosoaji wanasema wanaiogopa.

4. Dai kwamba lugha ni kazi ya nyumbani na shule

Wanaosema hivi wanazungumza kana kwamba serikali haijawahi kuingilia lugha ya nyumba hizi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 watoto wa Kiyup'ik waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha yao, katika shule zilizoendeshwa na serikali ya shirikisho na za misheni, na ni mwaka 1970 tu ndipo masomo ya lugha mbili yalipoanza katika eneo hilo. Wazee waliopitia adhabu hizo bado wapo. Leo Yugtun ina wasemaji wapatao 10,000, wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya asili ya Alaska, na Bethel ina shule ya msingi inayofundisha kwa lugha hiyo, Ayaprun Elitnaurvik. Shule inafanya kazi yake. Lakini mtoto akimaliza masomo ya siku, lugha inapaswa kuwa na mahali inapozungumzia mambo ya watu wazima: bajeti ya mji, dalili za ugonjwa, biolojia ya samaki, hukumu ya mahakama. Lugha isiyosemwa hadharani juu ya mambo mazito hubaki ya salamu na jikoni, na hakuna mzazi anayeweza peke yake kuipa uwanja wa hadhara. Redio ndiyo uwanja huo katika delta, ambako gazeti la Yugtun la kila siku halipo na mikutano ya vijiji hutenganishwa na maji au barafu.

Kuna pia wajibu ambao serikali imekwisha kubebeshwa na mahakama zake. Sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura inalazimisha msaada wa lugha kwa jamii za asili zinazotimiza masharti yake, na Julai 2008, katika kesi iliyofunguliwa na wapigakura wa Kiyup'ik na serikali za makabila yao, jaji wa shirikisho aliliamuru jimbo la Alaska litoe msaada huo, pamoja na kutangaza habari za uchaguzi kwa Kiyup'ik. Taifa haliwezi kuamriwa litangaze kwa lugha fulani kisha likasema kwamba kituo kinachotangaza kwa lugha hiyo ni starehe ya watu wachache.

5. Dai kwamba makabila yamekwisha kupewa fidia

Ili kupata kura ya seneta mmoja wa South Dakota, serikali iliahidi kwamba takriban dola milioni 9.4 zingehamishwa kutoka fungu lingine ili kusaidia vituo vya makabila. Ahadi hiyo haikuandikwa ndani ya sheria yenyewe, na ilihusu idara isiyokuwa na utaratibu wa kugharamia redio. Upande wa jimbo hakuna kimbilio: gavana wa Alaska alitumia kura ya turufu mwaka 2019 kufuta fedha za jimbo kwa redio za umma.

6. Dai kwamba mlipakodi wa mbali hadaiwi chochote

Hili ndilo dai linalobaki mengine yakianguka, nalo husemwa kwa sauti ya haki: kwa nini mfanyakazi wa Ohio amlipie mvuvi wa Kuskokwim redio? Jibu la hesabu ni kwamba CPB nzima iligharimu takriban dola 1.60 kwa mwaka kwa kila mkazi wa Marekani, na sehemu iliyofika Alaska ilikuwa chembe ya kiasi hicho. Jibu la historia lina uzito zaidi. Mwaka 1968 mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay kaskazini mwa Alaska, na ili bomba lijengwe ilibidi madai ya ardhi ya watu wa asili yamalizwe, kwa kuwa watu hao hawakuwahi kuiuza ardhi yao wala kusaini mkataba wa kuiacha. Sheria ya Desemba 1971, mwaka uleule KYUK ilipoingia hewani, ilifuta haki yao ya asili juu ya ardhi ya Alaska yote na kuwapa ekari milioni 44 na dola milioni 962.5. Nchi nzima, Ohio ikiwemo, imetumia mafuta hayo tangu mwaka 1977. Kumwita Myup'ik mpokeaji wa hisani katika uhusiano huo ni kugeuza daftari la madeni juu chini.

Bunge la Marekani linaweza kulirekebisha jambo hili bila kuirudisha CPB kama ilivyokuwa. Linaweza kutenga kwa sheria ya kudumu, si kwa ahadi ya mdomo, fungu la vituo vya redio vinavyohudumia maeneo yasiyo na barabara na jamii za asili. Kuviruhusu vituo hivyo vipokee matangazo ya biashara ya wenyeji pale vinapotaka. Na kuandika gharama ya tahadhari za maafa kwa Yugtun katika bajeti ya maafa, ambako ndiko inakostahili kuwa. Gavana wa Alaska naye anaweza kuacha kuifuta sehemu ya jimbo. Wabunge 216 na maseneta 51 waliopiga kura ya ndiyo wanajua sasa kilichotokea Kipnuk na Kwigillingok mnamo Oktoba 2025, na msimu mwingine wa vimbunga vya Bering huanza kila vuli.